Kocha Aliyetolewa Uwanjani na Msaidizi Wake

Kibao kilikuwa bado juu, namba nane imechorwa kwa rangi nyekundu, na uwanja mzima ulikuwa umenyamaza kumwangalia mtu mmoja.

Wiki jana tulimwacha mtu huyo katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akitafuta pumzi. Kwa aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza nitasema haraka, maana mwamuzi anasubiri. Jina lake ni Idrissa Lukumani. Kwa misimu kumi na sita amekuwa kiungo wa Étoile ya Tshopo, na mashabiki walimbatiza Rond-Point, yaani mzunguko wa barabara, kwa sababu hakuna mpira uliokwenda popote bila kwanza kumzunguka yeye. Kocha wa zamani alipoondoka, Étoile ilimpa Lukumani kazi ya ukocha. Alikubali kwa sharti moja: aendelee kucheza.

Basi alikuwa kocha na alikuwa kiungo. Kila wiki alikaa peke yake, akafikiri sana, akajichagua.

Na sasa tuko nusu fainali ya kombe, Étoile iko nyuma bao moja, na mtu fulani ameomba namba nane atoke. Kocha hakuomba. Kocha ndiye namba nane.

Lukumani akatembea mpaka karibu na mstari. Pale alisimama Orpha, msaidizi wake, mwanamke wa Isangi aliyecheza kiungo katika timu ya wanawake mpaka goti likamkatalia. Lukumani mwenyewe ndiye aliyemchagua awe msaidizi. Alimpenda kwa sababu haongei sana.

"Orpha, ni nani alisema nitoke?"

"Ni mimi, coach."

"Coach wa hii timu ni nani?"

"Ni wewe. Ndiyo maana ulipashwa kuona wa kwanza."

Mwamuzi akasogea. "Bon, munatoka ao munabaki? Saa inatembea."

Lukumani alikuwa na maneno mengi, lakini kubishana na benchi lako mwenyewe mbele ya umati ni kujivua nguo sokoni. Akatoka. Jephté, kijana wa Yanonge aliyekuwa akisubiri kuingia, akainamisha kichwa alipompita. "Pardon, coach," akasema, kana kwamba amemkanyaga.

Lukumani akakaa kwenye benchi, akajifunika taulo kichwani. Ndiyo sababu hakuliona bao la kusawazisha. Alilisikia tu. Jephté alikuwa amepokea mpira pale pale ambapo Rond-Point hupokea, ila yeye hakuzunguka, alienda mbele. La pili aliliona, maana taulo lilikuwa limeanguka wakati wachezaji wa akiba walipomrukia wakimkumbatia.

Étoile ikaingia fainali.

Filimbi haijakauka, Bilali wa redio alikuwa tayari ameshafika na kinasa sauti chake. Bilali hajawahi kuchelewa popote penye mshindi.

"Coach, tuko direct, hewani. Uko nyuma, ni demi-finale, na unajitoa wewe mwenyewe. Roho kama ile inatoka wapi?"

Lukumani akatazama kando. Orpha alikuwa ameinama akikusanya koni.

"Timu kwanza," akasema Lukumani. "Mutu anapashwa kujua saa yake."

Hakudanganya, wasomaji wangu, tumtendee haki. Alikalia tu sifa, kama mtu anayekuta kiti kitupu na miguu inamuuma.

*

Ijumaa, msikitini, imamu alizungumza juu ya kujishusha. Hakutaja jina la mtu, lakini alipofika mahali pa kumsifu yule anayejinyima cheo kwa ajili ya wenzake, macho yake yalitua safu ya pili, mahali Lukumani hukaa. Jumapili, katika kanisa moja la Tshopo, mchungaji hakuwa na aibu hiyo. Alitaja jina lote, na timu, na dakika ya mchezo.

Nasra, mke wa Lukumani, anauza vitenge soko kuu. Wiki hiyo wanunuzi walimsalimia kwanza, wakauliza bei baadaye. Mwanamke ambaye hakumjua alimshika mkono, akamwambia ana bahati ya kuolewa na mtu asiyejipenda.

Nasra alimsikiliza mpaka mwisho. Alipofika nyumbani akapakua pondu ya majani ya muhogo na wali, akamwekea mumewe, akakaa mbele yake.

"Papa Aïcha, hii saa yako uliijua siku gani?"

"Saa gani?"

"Ile ulisema kwa redio. Mimi niko na wewe miaka yote hii, hata saa ya kuamuka sijawahi kuona unaijua."

"Nasra, acha nikule."

"Kula. Nilikuwa nauliza tu." Akamwongezea pondu. "Ni ule Orpha, eh?"

Lukumani akala.

Kesho yake Orpha mwenyewe akaja. Hakuja na hasira, na hilo lilimsumbua Lukumani kuliko hasira. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale uani kwenye parcelle yao, akakubali maji, akauliza habari za watoto. Kisha akasema:

"Coach, sikukuja juu ya sifa. Uzitunze. Nilikuja kuuliza kitu kimoja. Kwa finale, nani anaanza katikati?"

Lukumani alikuwa amejiandaa kwa swali lingine kabisa. Alikuwa hata na maneno ya kumtuliza. Ilibidi ayaweke kando.

"Mimi."

"Wewe."

"Watu walioniona natoka wanataka kuniona narudi. Na kwanza, Orpha, angalia vizuri. Huu musimu mupira inanifikia kuliko zamani. Hata nikisimama, inanitafuta. Mutu aliyeisha, mupira inamukimbia. Mimi inanitafuta."

Orpha alitaka kusema kitu, akakimeza pamoja na maji.

"Alors, nimesikia," akasema. Akasimama, akamuaga Nasra kwa heshima, akasimamisha toleka barabarani, akapanda nyuma ya baiskeli hiyo bila kugeuka.

Lukumani alidhani yamekwisha. Alilala usingizi mzuri.

*

Ng'ambo ya mto, kule Lubunga, kulikuwa na msiba mdogo. Timu yao, Rive Gauche, nayo ilikuwa imeingia fainali, lakini kocha wao alikuwa amempiga kofi mshika kibendera kwa furaha. Alieleza kwamba ilikuwa furaha. Waliosimamia mashindano walisema kofi ni kofi, wakamfungia.

Rive Gauche ilihitaji mtu wa kukaa kwenye benchi, na ilimhitaji upesi. Jumanne mchana Bilali akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeonja asali:

"Habari ya sasa hivi: Rive Gauche ya Lubunga itaongozwa katika finale na Orpha, adjointe wa Étoile. Pardon. Adjointe wa zamani."

Lukumani alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi akasimamisha mashine.

"Yule anajua siri zenu zote, coach."

"Siri gani," akasema Lukumani. "Sisi hatuna siri. Mupira inapita kwangu."

Kinyozi akawasha mashine tena.

*

Alhamisi Étoile ilifanya mazoezi ya mwisho makali. Lukumani aligawa timu mbili, akajiweka katikati ya ile itakayoanza, na kusema kweli alikuwa anang'ara. Mpira ulikuja kwake kutoka kulia, ukaja kutoka kushoto, ukaja hata ulipokuwa hauna sababu ya kuja. Akasambaza, ukarudi. Akasogea hatua, ukamfuata. Alitamani Orpha awe pale aone.

Ndipo likatokea jambo dogo. Jephté, aliyepangwa pembeni siku hiyo, alimpita beki mmoja akabaki peke yake. Mbele yake hakukuwa na mtu ila kipa. Uwanja ulikuwa wazi kama barabara ya Bengamisa asubuhi ya sikukuu. Jephté akasimama, akageuka, akarudisha mpira nyuma kwa Lukumani.

Lukumani akaukanyaga. Filimbi ilikuwa shingoni mwake, akaipiga.

"Jephté. Mbele kulikuwa wazi?"

"Wazi, coach."

"Uliona?"

"Niliona."

"Donc juu ya nini ulinirudishia mupira?"

Jephté akaangalia nyasi. Wenzake nao wakaanza kuangalia nyasi, kila mtu za kwake.

"Nijibu. Sikasiriki."

"Coach," akasema Jephté polepole, "ni wewe unachaguaka timu."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

"Ni wewe peke yako unafanya hivi?"

"Ni sisi wote, coach." Aliyejibu sasa alikuwa Issa, mshambuliaji, mtu mzima mwenye watoto wanne, asiyezoea kuzungushia maneno. "Zamani tulikupa mupira juu ulikuwa unajua kuiomba. Ukiwa na miguu ile, hata mimi ningekupa na viatu vyangu. Lakini tangu umepata kazi... Nani anataka kukaa benchi?"

Lukumani alisimama na mpira chini ya soli. Msimu mzima ulipita mbele yake: zile pasi zote, yale mapenzi yote ya mpira kwa mguu wake mzee. Aliwahi kumwambia Nasra kwamba umri umemfundisha kusimama mahali panapofaa. Kumbe angesimama hata nyuma ya choo, wangemletea.

"Na Orpha alijua?"

"Orpha alituambia tusikupe," akasema Issa. "Tuliogopa."

Lukumani akauokota mpira, akamrushia Jephté kwa mkono.

"Wewe utaingia katikati. Mimi nitasimama inje." Kisha, kwa sababu hakujua kocha husimama wapi hasa, akatembea mpaka mstarini, akarudi hatua mbili, akasogea tena kulia.

Walicheza. Kwa mara ya kwanza aliona timu yake yote kwa pamoja. Ilikuwa nzuri, na haikumzunguka mtu yeyote. Hilo la pili lilimchoma, nami sitaficha.

*

Kazi ya kumwambia rais wa klabu ilibaki mpaka Jumamosi. Papa Nicolas ni mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye sauti laini na mwavuli mkubwa anaoubeba hata siku zisizo na mvua wala jua. Alikuwa ameshatuma pikipiki yenye kipaza sauti izunguke mitaa ya Makiso, Tshopo na Mangobo. Lukumani alipokuwa njiani kwenda kwake ilimpita, ikimtangaza: njooni muone Rond-Point kwa mara ya mwisho.

"Président, sitacheza kesho."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Basi utacheza."

"Jephté iko bora kuliko mimi. Timu inaenda mbele akiwa yeye. Nikiwa mimi inazunguka."

Papa Nicolas akatabasamu kama baba.

"Lukumani, écoute. Ile ya demi-finale ilikuwa muzuri sana. Hata bibi yangu alilia. Lakini kujishusha mara moja ni unyenyekevu. Mara mbili ni kiburi."

"Ile ya kwanza, Président, si mimi ni—"

Simu ya Papa Nicolas ikaita. Akainua kidole kuomba subira, akazungumza juu ya magogo yaliyokwama, akacheka, akazungumza tena. Alipomaliza alikuwa ameshasahau kuna mtu mbele yake mwenye sentensi nusu.

"Donc kesho utavaa," akasema. "Ukianza ao ukiingia, mimi sitajali. Lakini watu wakuone uwanjani."

*

Jumapili Étoile ilivuka mto kwa pirogue, mtumbwi mrefu wenye mota, ngoma mbele na mwavuli wa rais nyuma. Mashabiki walivuka kwa chochote kinachoelea. Upande wa Lubunga, uwanja ulikuwa umejaa toka saa sita, na wanawake waliouza makayabu, samaki wa chumvi, na ndizi za kuchoma walikuwa wamemaliza masinia ya kwanza.

Timu zikaingia. Watu wakahesabu mashati ya Étoile, wakafika namba kumi na tisa, Jephté. Namba nane hayupo. Yupo kwenye benchi, amevaa koti la mazoezi, mikono mapajani.

Minong'ono ilianzia upande wa Étoile wenyewe.

"Sisi tumevuka mto juu ya nani?" aliuliza mama mmoja, bila kupandisha sauti, lakini sauti yake ilifika.

"Ameogopa," akasema aliyekaa karibu naye. "Ameona Orpha, ameogopa."

Bilali akalichukua neno hilo likiwa moto, akalipeleka hewani. "Wasikilizaji, inaonekana Rond-Point leo amefungwa."

Ndivyo dunia inavyokwenda. Alipotolewa kwa nguvu, aliitwa mnyenyekevu. Alipojitoa kwa hiari, aliitwa mwoga. Imamu wala mchungaji hawakuwepo kumtetea, na kama wangekuwepo, nani ajuaye.

Aliyeshtuka zaidi alikuwa Orpha. Wiki nzima alikuwa amefundisha wanaume wawili wa Rive Gauche kazi moja: kumfunga Lukumani asipate mpira. Aliwaonyesha atakakosimama, atakapoombea mpira, hata bega atakalogeuza. Alikuwa na hakika kabisa kwamba mtu yule hawezi kujinyima fainali.

Mchezo ukaanza, na wale wawili wakabaki katikati kama wageni waliopotea nyumba ya harusi.

"Coach, tunafunga nani?" mmoja akamuuliza Orpha.

Orpha akatazama benchi la pili. Lukumani akamwinulia mabega.

Kabla hajapata jibu, Jephté alikuwa amepita kati yao na mpira mguuni. Alikwenda, akakwenda, hakugeuka hata mara moja. Akapiga akiwa mbali, mpira ukagonga mwamba kwa ndani, ukaingia. Étoile moja.

Orpha hakukaa akilia. Aliwatawanya wale wawili, akasukuma mabeki mbele, na baada ya mapumziko Rive Gauche ilicheza kama timu iliyoambiwa ukweli. Walisawazisha kwa kichwa. Walikosa bao la pili kwa upana wa kiganja. Étoile ilianza kurudi nyuma, na Jephté, aliyekimbia kwa ajili ya watu wawili, akaanza kutembea.

Hapo umati ukaanza kuimba. Kwanza upande wa Étoile, kisha, kwa mshangao wa wote, hata upande wa Lubunga, maana kuna furaha kumwona adui mzee kwa mara ya mwisho. Rond-Point. Rond-Point. Rond-Point.

Mwavuli ukashuka jukwaani.

"Vaa viatu," akasema Papa Nicolas.

"Niko navyo, Président."

"Basi simama."

Lukumani akasimama. Wimbo ukapanda. Akavua koti, na shati namba nane likaonekana, na wasomaji wangu, nitawaambia kilichokuwa moyoni mwake: alitaka. Miguu yake ilitaka kama farasi anavyotaka mlango. Alijua akiingia hakuna atakayemlaumu, hata wakishindwa. Wangesema Rond-Point alijaribu.

Kisha akamwona Jephté. Kijana alikuwa ameshaanza kuja mstarini, kichwa chini, akivua kitambaa cha unahodha alichopewa na Lukumani, bila kuitwa na mtu.

"Unaenda wapi?" akamuuliza.

"Umesimama, coach. Nimewaza unanitoa."

"Nimesimama kunyoosha mugongo. Rudi."

"Nimechoka, coach."

"Najua. Acha kukimbia nyuma, mwenzako atakusaidia. Ukipata mupira, tazama Issa. Usinitazame mimi."

Akavaa koti lake, akakaa. Wimbo ukafa, na badala yake ukaja mluzi wa kumzomea ambao nina hakika ulisikika hata Tshopo.

Papa Nicolas alisimama kando yake akifungua na kufunga mwavuli.

Dakika zilikuwa karibu kuisha pale Jephté alipopata mpira. Alitazama mara moja tu. Issa alikuwa ameshaondoka, mzito, mbio za mtu mwenye watoto wanne, lakini pasi ilimkuta pale pale alipohitaji. Akaupitisha chini ya kipa.

Étoile mbili, Rive Gauche moja. Filimbi.

*

Bilali alipita juu ya benchi kumfikia mshindi. Sasa swali lilikuwa mshindi ni nani, na Papa Nicolas alilijibu kwa kusimama mbele.

"Président, tuko direct. Watu wote waliimba Rond-Point, na Rond-Point akakaa. Nani alichukua uamuzi ule?"

"Kuongoza kunataka roho," akasema Papa Nicolas kwa ile sauti yake laini. "Mimi nilimwambia Lukumani: mwanangu, leo kaa. Alitaka kucheza, unamujua. Nilimwambia: timu kwanza."

Lukumani alikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Alisikia kila neno. Mawili ya mwisho aliyajua vizuri, alishayatumia.

Akamtafuta Orpha kwa macho. Alikuwa upande wa pili, akiwainua wachezaji wake waliolala chini mmoja mmoja.

"Na wewe, coach?" Bilali akamgeuzia kinasa sauti. "Ulijisikia vibaya kukatazwa?"

Ilikuwa rahisi kukaa kimya. Kiti kilikuwa pale pale.

"Bilali, acha nitengeneze mambo mawili," akasema Lukumani. "Siku ya demi-finale mimi sikujitoa. Orpha alinitoa, na mimi nilikasirika. Leo nilijitoa mwenyewe, na Président alikasirika."

Bilali akasogeza kinasa sauti karibu zaidi.

"Tuko bado direct?" akauliza Papa Nicolas.

"Tuko direct, Président."

Papa Nicolas akaendelea kutabasamu, maana picha zilikuwa zinapigwa. Alipokea kombe akitabasamu, akalibusu, akalipitisha kwa wachezaji. Kisha akamsogelea Lukumani, akamkumbatia mbele ya watu wote, na ndani ya kumbatio hilo akamwambia sikioni:

"Pirogue ya timu ni ya watu wa timu."

*

Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado juu ya mto, kocha wa mabingwa alisimama kwenye ukingo wa Lubunga akiwa na mfuko wa viatu begani, akiangalia pirogue ya mabingwa ikiondoka.

Ilikuwa imejaa. Waliokaa mbele walidhani Lukumani yuko nyuma na rais; waliokaa nyuma walidhani yuko mbele na kombe. Ngoma ilikuwa inalia, na waliokuwa wamemzomea saa moja iliyopita walikuwa wanaimba jina lake kwa nguvu zote, katika mitumbwi mingine iliyoifuata. Walimwimba vizuri sana. Hakuna aliyekuwa ametazama kama yupo.

Orpha akaja akasimama karibu naye. Alikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Wamekusahau, coach?"

"Wengine wamenisahau. Président amenikumbuka, ndiyo maana niko hapa."

Orpha akapangusa vumbi magotini.

"Nilisikia redio," akasema. "Aksanti."

"Nilichelewa."

"Ndiyo, ulichelewa. Lakini ulinishinda leo. Wiki muzima nimetayarisha watu wakufunge, na wewe uko umekaa tu. Sijawahi kuona mutu anacheza muzuri vile." Alisema bila kucheka, na Lukumani hakujua kama acheke. "Huku wameniomba nibaki. Kocha wao amefungiwa musimu muzima."

"Félicitations. Unastahili." Alikuwa mtu wa kiburi na neno lililofuata lilikuwa gumu. "Kama unatafuta adjoint..."

"Adjoint niko naye, Madina. Anaongea kuliko mimi, ni muzuri. Ninakosa milieu, mutu wa katikati."

Lukumani akamgeukia.

"Mimi nimezeeka. Wewe mwenyewe ulisema."

"Sikusema umezeeka. Nilisema toka. Ni vitu viwili." Orpha alikuwa anautazama mto. "Miguu yako iko na dakika ishirini, hata ishirini na tano, na hizo hakuna mutu katika mji huu anazo. Shida yako haikuwa miguu, yaya Lukumani. Shida ni kwamba hakukuwa mutu wa kukuambia toka. Sasa yuko. Utaingia saa nitakuambia ingia. Utatoka saa nitakuambia toka. Katikati ya hizo, mupira ni yako, na watakupa kama unaiomba muzuri tu. Si mbaya, eh?"

Ilikuwa mara ya kwanza amwite yaya, kaka, badala ya coach.

Lukumani akafungua kinywa. Lakini kule mtoni kitu kilikuwa kimebadilika. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Katikati ya maji, pirogue ya mabingwa ilikuwa imesimama, ikivutwa taratibu na mkondo, na watu walikuwa wamesimama ndani yake wakihesabiana vichwa. Mtu aliyevaa namba kumi na tisa alikuwa anabishana na mwavuli.

Mwavuli ukafungwa. Mota ikanguruma, na pua ya pirogue ikaanza kugeuka kuelekea Lubunga.

"Wanarudi kukuchukua," akasema Orpha. "Kombe, kazi, président, yote. Bon. Nijibu sasa, mbele hawajafika."